Gitaa la Plaiwudi Lililosikia Siri za Siku ya Hina

Mwaka ule tulikula unga wa manjano mpaka tukasahau kwamba mahindi yana rangi nyingine. Asubuhi uji wa manjano, mchana sima ya manjano, jioni ile ile ya mchana imepashwa moto, na kitoweo ni majani ya mchunga mchungu ambao mama aliuchuma nyuma ya nyumba akautia tui jepesi kama maji ya kuoshea kifuu. Tarehe siijui, wala usiniulize, shule niliishia darasa la tatu. Lakini mtu wa rika langu aliyekulia Malindi ukimtajia mwaka wa unga wa manjano, kwanza atakunja uso, halafu atacheka, halafu atakwambia alikuwa na umri gani. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Na mwaka huo huo ndio gitaa la umeme liliingia nyumbani kwetu.

Baba yangu, Karisa, alikuwa fundi wa baiskeli. Alizaliwa Jilore kwenye mashamba, akaja mjini kijana na spana mbili, akajenga kibanda cha makuti kando ya barabara. Sisi tulikulia nyuma ya kibanda hicho, katika harufu ya grisi, gundi ya pancha na moshi wa makumbi ya nazi. Siku moja akaja mwanamuziki wa hoteli moja ya ufuoni. Bendi yao ilikuwa imegombana, kila mtu anarudi kwao, na yeye kwao kulikuwa Mariakani. Alitaka baiskeli. Baba alikuwa na moja aliyoiunga kwa vipande vya baiskeli nne. Wakabadilishana pale pale. Yule bwana akapanda akaenda zake, hatukumwona tena, na baba akabaki amesimama na gitaa kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo.

Mama alitoka na mwiko mkononi. Akalitazama lile gitaa kutoka juu mpaka chini.

“Karisa, baiskeli inakwenda sokoni. Hilo linakwenda wapi?”

“Hili haliendi popote,” baba akasema. “Watu ndio watalijia.”

Mama akarudi jikoni. Siku hiyo sima ilikuwa na madonge, na tulijua ni kwa nini.

Nikwambie ukweli, halikuwa gitaa la maana. Magitaa mazuri yalikuwepo, mazito, ya mbao moja, wanayo wakubwa wa bendi. Hili letu lilikuwa la watu wasio na kitu, lililotoka Japani melini na wenzake wanaofanana kama biskuti za pakiti moja. Mwili wake plaiwudi, ukiligonga linasema bo, kama kabati. Rangi ilikuwa nyekundu katikati na nyeusi ukingoni, mfano wa hamri lililosahauliwa kwenye karai. Lilikuwa na swichi tano zimepangwa kama meno, na mbili kati ya hizo hazikufanya kazi yoyote duniani, ziliwekwa kwa urembo. Ya tatu ilikuwa imelegea, lazima uikazie kijiti cha kiberiti ndipo gitaa likubali kusema. Na yale masikio ya kukazia nyuzi, usiseme! Unalikaza likae sawa, unakwenda kunywa maji, ukirudi limeshabadilisha mawazo.

Lakini lilikuwa na wema wake. Lilikuwa jepesi, mtoto analibeba. Shingo yake ilikuwa nyembamba kama mpini wa jembe uliochakaa, mkono wangu mdogo ulizunguka ukafika. Sauti yake kali, ina uchachu wa ndimu, hata kukiwa na ngoma nne na zumari unaisikia inapita katikati. Na kile kimkono cha chuma kilichokuwa chini ya nyuzi, ukikibonyeza sauti inatetemeka kama mtu anayelia na kucheka kwa pamoja. Siku hizi naona magitaa yenye rangi ya kucha za bandia, yanalia vizuri yote, na yote yanalia sawasawa. Letu ulilijua hata ukiwa chooni.

Nyuzi zikikatika, vijana wa leo wanaandika kwenye simu, wanakaa kitako kusubiri mtu wa pikipiki alete. Baba alinyoosha mkono tu kwenye msumari. Alichukua waya wa breki ya baiskeli, akaufumua, akachagua unywele mmoja mwembamba uwe uzi wa kwanza, mbili zilizosokotwa ziwe wa pili, hivyo hivyo mpaka ule mnene kabisa. Vidole vyangu viliota sugu kama visigino. Na kwa kuwa upepo wetu wa Malindi una chumvi, kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kusugua kutu kwa ndimu na majivu, halafu kupaka shingo mafuta ya nazi. Wenzangu walicheza kamba, mimi naosha gitaa. Sikununa. Nilikuwa bingwa wa mdako mtaa mzima, kete nane hewani na zote zinarudi kiganjani, na baba alipoona vidole vile akasema hivi si vya kurusha mawe tu. Akanifundisha. Kaka zangu walijaribu siku mbili wakakimbilia mpira. Mimi sikutoka. Kufikia wakati unga mweupe unarudi madukani, nilikuwa napiga kumshinda baba, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu, si mimi niliyejisifu. Sasa najisifu, nimezeeka, nani atanikataza?

Gitaa lilikuwa na tabia moja ya ajabu, na hii ndiyo iliyoleta mambo. Lilikuwa linasikia. Zile sumaku zilizo chini ya nyuzi zilikuwa za ovyo, zimelegea ndani, basi ukisema karibu nazo, sauti yako inaingia na kutokea kwenye spika. Spika yetu ilikuwa ile ya bati yenye mdomo wa tarumbeta, ya kwenye mikutano, inakula betri ya lori. Baba alikuwa akiniita nayo. Anainamia gitaa, “Kadzo! Njoo uoshe vyombo!” na mtaa wote unajua Kadzo hajaosha vyombo. Kwetu ilikuwa mchezo. Hatukufikiri kwamba watu wengine hawajui.

Wenyeji wa mji wa kale mnajua desturi. Siku ya hina ya bibi harusi, mwanamume aliyebaleghe haingii ndani, awe mpiga ngoma, awe mfalme. Sasa mama yake Rukia, aliyekuwa akiozesha binti yake, alitaka kuwapita majirani. Jirani alikuwa ameleta ngoma na zumari, yeye akataka gitaa la umeme. Atapigiwa na nani, na baba haingii? Akaja mwenyewe kibandani, buibui linaburura mavumbi.

“Fundi Karisa, nasikia una binti.”

“Ninaye.”

“Basi nipe binti na hilo kabati lako.”

Mama alinivisha gauni la sikukuu, akanisuka nywele mpaka macho yakavutika. Tulifika alasiri. Ua umejaa wanawake, kanga mpya, asumini, udi unafuka, Rukia amelazwa kwenye mkeka mikono na miguu imenyooshwa, anapakwa hina. Baba akabaki nje ya ukuta na spika yake. Mwanzo waliiingiza ndani, lakini gitaa la aina ile likiwa karibu na spika linapiga kelele peke yake, wiii, kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Watoto wachanga wakalia. Basi mama yake Rukia akaamrisha spika itolewe. Baba akarefusha waya ukapita juu ya ukuta, akaitundika spika nje, mdomo ukitazama barazani. Na barazani ndiko wanaume wa pande zote mbili walikuwa wameketi na sinia za pilau.

Nilipiga, jamani. Nilipiga mpaka bibi mmoja aliyekuja na mkongojo akauacha mkongojo. Halafu wakaniambia nipumzike, nikapewa kaimati na sharubati. Nililaza gitaa mapajani, mimi niko pembeni ya bibi harusi kabisa. Kijiti cha kiberiti sikukitoa. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Kaimati zilikuwa za moto, na mwaka ule sukari tuliiota tu.

Hapo somo wa Rukia, yaani kungwi wake, Bi Mwanasha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akainama juu yangu kumnong'oneza Rukia. Kunong'ona kwake mnakujua. Midomo ilikaribia kugusa nyuzi.

“Sikiza, mwanangu. Siku saba za mwanzo hujui kupika. Umesikia? Hujui. Chumvi mimina. Ukijionyesha fundi utapikia ukoo wao mzima mpaka meno yakutoke.”

Wanawake wakasogea, vichwa vyote juu ya mapaja yangu.

“Na huyo baba mkwe usimwogope,” mwingine akadakia. “Zile ndevu nyeusi ni rangi ya viatu.”

“Wee!”

“Wallahi. Mvua ya juzi alijificha barazani kwetu, kanzu nyeupe ina michirizi kifuani kama mtoto aliyeramba sufuria.”

“Kumbe ndiyo maana hasogei karibu na jiko!”

Wakacheka mpaka hina ikamwagika. Mimi namung'unya kaimati, najiona mkubwa kati ya wakubwa. Ndipo mlango ukagongwa kwa ngumi mbili na sauti ya kiume ikapita kwenye ufa.

“Jamani, zimeni! Tunawasikia!”

Bi Mwanasha akanyanyuka polepole.

“Mmesikia tangu wapi?”

“Tangu kwenye chumvi!”

Baba mkwe huyo ni Mzee Athmani, mtu mwenye heshima zake na sauti ndogo sana, siku zote watu wakimwambia hebu rudia. Alikuwa ametia tonge mdomoni spika ilipotaja ndevu. Wanaume walijitahidi kutocheka, mmoja akashindwa, basi wote wakaangua kicheko. Mzee Athmani aliinuka bila kunawa. Akasema hakuna nikaha kesho mpaka chombo kile kilichomtukana kiletwe mbele yake kivunjwe. Akaondoka na watu wake. Rukia alilia usiku kucha, hina ikamchafuka mikono yote, na mji ulikuwa unatutazama sisi, Wagiriama wa kibandani, tulioharibu harusi ya watu.

Asubuhi Mzee Athmani akaja kibandani, yeye na wazee wawili. Baba akatoa shikamoo tatu, akavuta kigoda. Mama alikuwa ameshaamua.

“Lipeleke, Karisa. Tusivunjie watu harusi kwa ajili ya plaiwudi.”

Baba akaingia ndani kulichukua, na nikaona mgongo wake umeinama, mgongo ambao sikuwahi kuuona umeinama isipokuwa juu ya baiskeli. Lakini gitaa halikuwa msumarini. Nilikuwa nalo mimi, nimekaa juu ya sanduku la betri, nimelikumbatia kwa mikono na miguu. Mzee Athmani akanyoosha mkono. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nilitazama mtu mzima machoni nikasema:

“Halitoki. Anayelitaka aje alipige hapa hapa.”

Mama alinichapa kofi ambalo mpaka leo sikio hili linaposikia baridi linalikumbuka. Sikulia na sikuliachia.

“Mtoto huyu ananiambia nini?” Mzee Athmani akauliza.

“Anakwambia ulipige,” akasema mmoja wa wale wazee, na mdomo wake ulikuwa unacheza.

“Mimi?”

“Basi tulivunje kitu ambacho hatujui hata kinafanya nini?”

Mzee akaona haya kukataa. Akaketi kigodani. Baba haraka haraka akaunganisha waya, akakazia kijiti cha kiberiti, nikamlazia gitaa mapajani lakini mkono wangu mmoja ukabaki shingoni mwake, shingo ya gitaa, si ya mzee. Akalikwaruza. Likatoa mlio mbaya, maana baba alikuwa na namna yake ya kukaza nyuzi, ambayo hakuna mwingine aliyeijua ila mimi. Mzee akainama kulitazama.

“Mbona linalia kama kuku aliyekanyagwa?”

Na spika juu ya kibanda ikauliza barabara nzima, kwa sauti ya kutetemesha mabati: MBONA LINALIA KAMA KUKU ALIYEKANYAGWA?

Mzee akaruka. Akatazama kulia na kushoto.

“Nani huyo?” NANI HUYO?

“Ni wewe, babu,” nikamwambia.

Akasafisha koo, na spika ikasafisha koo. Nilikuwa karibu naye, niliona uso wake unavyobadilika. Mtu aliyeambiwa rudia maisha yake yote sasa amesikika mara moja tu ikatosha. Akainama tena, safari hii taratibu, kama anayechungulia kisima.

“Asalaam aleikum, watu wa Malindi.”

Kutoka sokoni, kutoka kwa wauza samaki, kutoka darini kwa watu, majibu yakarudi: “Waaleikum salaam!”

Basi. Hatukumtoa pale mpaka jua lilipopanda. Alitangaza harusi ya mwanawe mwenyewe, akaalika mitaa miwili zaidi ya waliopangwa, akamsalimia shemeji yake wa upande wa pili wa mji. Mwisho akasema, “Na ndevu ni zangu, na rangi ni yangu!” Mji ukacheka, naye akacheka, na ugomvi ukaishia hapo hapo kigodani. Nikaha ikafungwa siku ile ile baada ya alasiri. Nasikia siku saba za mwanzo mume wa Rukia alipika mwenyewe, kwa kuwa maneno ya chumvi aliyasikia kama wenziwe.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita kilikuja kisa kama hicho tena nyumbani kwangu.

Baba na mama wamekwisha kupumzika. Kibanda kimekuwa duka la simu. Spika ya tarumbeta iliazimwa harusini Mambrui haikurudi. Betri iliazimwa haikurudi. Gitaa peke yake ndilo lililobaki, kwenye msumari wangu, limefunikwa kanga. Vidole vyangu vimekuwa vigumu, napiga nyimbo mbili nachoka, lakini mjukuu wangu Sidi analipiga, na anajua kijiti, anajua swichi zote hata zile mbili za urembo. Basi Sidi akaja na kijana mmoja wa Mtwapa, jina lake nimelisahau kwa makusudi. Ana hereni. Adabu anayo, siwezi kumsingizia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Kula kwanza.”

Akala mbaazi za nazi na mahamri manne. Halafu akafungua mfuko akatoa gitaa jipya, linang'aa mpaka paka wangu akaona sura yake. Akasema magitaa ya kale kama letu siku hizi yanatafutwa sana, tubadilishane. Akalitia letu kwenye kispika kidogo tunachokiweka dirishani siku hizi. Kabla hajagusa uzi, kispika kikaanza: titi-titi-titi.

“Nini hiyo?” akashtuka.

“Ni simu yako mfukoni. Linakwambia kuna mtu anakutafuta.”

Akacheka, akasema sumaku zimekwisha, atazibadilisha, kisha atalitundika ukutani kwenye klabu yao na taa chini yake.

“Atalipiga nani?” nikauliza.

“Halitapigwa, Bibi. Litatazamwa.”

Sidi akanipigia magoti. Watoto wa siku hizi wakipiga magoti ujue jambo ni kubwa. “Hawe,” maana wajukuu wangu huniita hivyo kwa Kigiriama, “lile jipya linakaa sawa wiki nzima. Hili nililipeleka kwenye majaribio ya hoteli, likaniacha katikati ya wimbo. Walicheka, Hawe. Nikiwa na lile watanichukua.”

Hapo moyo ulinikata, siwadanganyi. Mtoto ana vidole vyangu. Nikalichukua lile jipya nikalijaribu. Ni zuri, sitasema uongo. Nyuzi laini kama siagi, swichi zote zina kazi. Nikaliinamia, nikasema, “Asalaam aleikum, watu wa Malindi.”

Kimya. Linang'aa tu.

Sidi akanitazama. Akalichukua letu, akalilaza mapajani kama nilivyomfundisha, akainama mpaka nywele zikagusa nyuzi. “Asalaam aleikum, watu wa Malindi,” akasema, na kispika dirishani kikamtoa nje. Ng'ambo ya barabara yuko mzee mwenzangu, muuza makaa, masikio yake hafifu. Nikasikia: “Waaleikum salaam! Kadzo, bado uko na kabati la Karisa?”

Enzi zetu siri ilitoka mara moja kwa bahati mbaya na mji ukala hadithi hiyo mwaka mzima, pamoja na unga wa manjano. Leo bibi harusi mwenyewe anazitoa siri zake kwenye simu kabla hina haijakauka, na kesho hakuna anayezikumbuka. Muziki wa harusi unatoka kwenye masanduku meusi makubwa kuliko jiko langu, na mpigaji ni mtu mmoja anayebonyeza, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Sisi tulikuwa na plaiwudi na waya wa breki, na mtu akisema, watu walijibu.

Nikamwambia Sidi ainuke, ile kazi ataipata, na gitaa jipya nitamnunulia mimi mwenyewe, nina mbuzi Jilore wanaokula bure. Akafuta macho akacheka. Yule kijana hakukata tamaa. Alikuwa ameshalipokea letu kutoka kwa Sidi, amelishika shingoni, hataki kuliachia.

“Basi niazime, Bibi. Siku moja tu. Nilipeleke Mtwapa wenzangu walione, kesho nalirudisha.”

Nikanyoosha mkono nikashika shingo ile ile, juu ya mkono wake.

“Halitoki. Anayelitaka aje alipige hapa hapa.”